Borobudur Haina Mlango: Mazungumzo na Waongoza Watalii wa Mji Mkongwe, Zanzibar

Assalamu alaikum. Wazee wangu, walimu wangu, na nyinyi vijana wa chuo mliokaa nyuma karibu na mlango ili mpate kutoka mapema: nimewaona.

Nimeombwa nizungumze juu ya safari yangu ya Borobudur, hekalu la kale la Kibudha kule kisiwa cha Java, Indonesia. Nilikwenda mimi na mke wangu, kwa pesa zetu, kama watalii. Nimekubali kusimama hapa kwa sababu moja. Kazi yetu sote humu ni kuwatembeza watu, na wachache sana tumewahi kutembezwa. Ukikaa upande mmoja wa kazi hii miaka mingi unasahau kiu ya mgeni, miguu ya mgeni, na ule unyonge wa kutojua wapi uvue viatu. Kwa hiyo leo nitasema kama mtalii, na pale nitakaposhindwa kujizuia nitasema kama mwongozaji, maana ugonjwa wa kazi hauna dawa.

Kwanza mahali penyewe. Borobudur iko katikati ya Java, wilayani Magelang, kama kilomita 40 kutoka mji wa Yogyakarta. Ni bonde la mpunga na minazi, mito miwili inapita karibu, Progo na Elo, na ukigeuka kila upande unaona milima. Mmoja wao ni Merapi, volkano iliyo hai. Mwaka 2010 ilipolipuka, majivu yaliliangukia hekalu zima, likafungwa, na watu wakaanza kulisafisha jiwe kwa jiwe.

Waliolijenga ni watawala wa ukoo wa Sailendra, kati ya karne ya 8 na ya 9. Nikupeni kipimo cha nyumbani: wakati huo huko Shanga, kisiwani Pate, Waislamu wa pwani yetu wanaswali katika vimisikiti vya miti ambavyo wachimbaji wa mambo ya kale walivikuta chini ya misikiti ya mawe. Kwa hiyo mtu asiwatazame wale kama watu wa zama za giza. Walikuwa rika la wazee wetu.

Sasa jambo ambalo picha haikwambii: jengo lile halina ndani. Mgeni anafika, anazunguka akitafuta mlango, na mlango haupo. Hakuna ukumbi, hakuna chumba cha kuabudia, hakuna paa. Chini ya mawe kuna kilima cha udongo. Wajenzi walikitwaa kilima wakakivika vitalu vya jiwe la volkano, jumla ya kiasi cha mita za ujazo 55,000, vimeshikana kwa kukatwa na kupachikwa, bila chokaa ya kuviunganisha. Kitako chake ni mraba wa mita 123 hivi kila upande. Juu yake kuna majukwaa tisa: sita ya pembe, matatu ya duara, na kileleni stupa moja kubwa iliyozibwa kabisa. Stupa, kwa vijana wasioijua, ni ule mnara wa Kibudha ulio mfano wa kengele.

Kama hakuna pa kuingia, watu wanaabudu vipi? Wanatembea. Kutembea kwenyewe ndiyo ibada. Unaanzia upande wa mashariki, unalizunguka jukwaa la kwanza jengo likiwa kuliani kwako, ukimaliza unapanda la pili, na hivyo hivyo hadi juu. Sisi tukitufu Kaaba tunaiweka kushoto. Wao jengo lao wanaliweka kulia. Nilimwambia hivyo mwongozaji wetu, mama mmoja wa Kijava, Mwislamu, amejifunga mtandio wake vizuri, akacheka akasema kila Mwislamu anayemleta pale humwambia hilo, na kila mmoja anadhani yeye ndiye wa mwanzo kuligundua.

Zile shoroba za chini zina kuta pande zote mbili, zimekupita kimo, huoni bonde wala milima. Unachokiona ni michongo tu. Kuna vipande 2,672 vya michongo katika jengo lile, na 1,460 kati ya hivyo vinasimulia hadithi. Ukitaka kuzipitia zote kwa utaratibu wake, baadhi ya shoroba itabidi uzizunguke zaidi ya mara moja, kwa sababu kuta zina safu mbili na hadithi haziko ukuta mmoja. Jumla ya mwendo inakaribia kilomita tano. Halafu unapanda ngazi ya mwisho, unatokea kwenye majukwaa ya duara, na kuta zimekwisha. Hakuna michongo, hakuna hadithi. Kuna anga, milima, na stupa 72 zenye matundu, kila moja ina sanamu ya Budha ameketi ndani yake. Ndivyo walivyokusudia: baada ya mwendo mrefu wa kusoma, uachwe huna cha kusoma.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu, nao ndio nilioujia leo.

Sisi watu wa utalii tumelifanyia jengo lile jambo baya. Tumewafundisha wageni kwamba Borobudur ni kileleni. Kila tangazo lina picha ya zile stupa za juu, jua linachomoza, ukungu mabondeni. Kwa hiyo mgeni anafika, anazishika ngazi moja kwa moja hadi juu, anapiga picha, anashuka. Amevipita vipande 1,460 vya hadithi kama mtu anayepita mlango wa jirani bila kubisha hodi. Na kutazama jua likichomoza hakuhitaji hata kupanda; kuna kilima jirani, Punthuk Setumbu, watu huenda alfajiri wakaliona hekalu kwa mbali likiibuka ukunguni. Aliyetaka picha angeipata kule, mawe yakapumzika.

Nitakusimulieni kuta mbili tu.

Ya kwanza haionekani. Mwaka 1885 mhandisi mmoja wa Kidachi, IJzerman, aligundua kwamba kitako tunachokiona kimejengwa juu ya kitako kingine, na kile cha ndani kimechongwa michongo 160. Wakaifungua kipande kwa kipande, ikapigwa picha mwaka 1890 na 1891, kisha ikafunikwa tena. Mpiga picha alikuwa Mjava, Kassian Cephas, na mpaka leo anayetaka kuuona ukuta huo wote hana budi kutazama picha zake. Kwa nini ulifunikwa? Wengine wanasema kilima kilianza kuteleza, wakaongeza mawe kukishikilia. Wengine wanasema michongo ilikuwa ya mambo ya dunia mno, ikafaa kusitiriwa. Mimi ni mtu wa kuta za Mji Mkongwe, nimeona nyumba ngapi zikishikiliwa na nguzo. Naamini kilima kilikuwa kinateleza.

Pembe ya kusini-mashariki imeachwa wazi, vipande vichache vinaonekana. Maudhui ya ukuta ule ni tendo na malipo yake. Watu wanachemsha samaki na kasa chunguni. Pembeni, watu wale wale wamo wao ndani ya chungu, motoni. Kuna wasengenyaji, kuna walevi, kuna wanaotoa sadaka na mema yanayowafika. Hakuna elimu ngumu pale. Bibi zetu walitufundisha hayo hayo barazani, bila ya jiwe.

Ukuta wa pili uko juu zaidi, na ndio nilioupenda. Ni hadithi ya kijana anayeitwa Sudhana, nayo imechukua vipande 460, kuanzia ushoroba wa pili kupanda juu. Kijana huyu anatafuta elimu. Anaambiwa nenda kwa fulani. Anakwenda, fulani anamfunza anachokijua, kisha anamwambia: mimi nimefikia hapa, zaidi ya hapa nenda kwa mwingine. Anasafiri hivyo kwa walimu zaidi ya hamsini. Na walimu wenyewe ni nani? Wamo watawa, wamo wafalme, lakini yumo pia muuza manukato, yumo nahodha wa chombo, yumo mtoto anayecheza mchangani kando ya mto. Kwa Sudhana wote ni walimu, anawasujudia wote.

Nilisimama mbele ya ukuta ule, nikawaza juu ya kazi yetu. Mtalii ni Sudhana aliyesahau kuuliza. Na sisi tunampeleka mbio, asije akapata nafasi ya kuuliza, kwa sababu kuna kundi jingine linangoja.

Haya, sasa sheria zao, maana najua wenye makampuni mnataka kusikia hapo.

Kabla ya korona, mamilioni ya watu walikuwa wakija kwa mwaka, na kila aliyetaka alipanda. Mawe ya ngazi yalilika. Zipo ngazi zilizobidi kufunikwa mbao. Watu walikaa juu ya stupa, walichora majina, walibandika ubani wa kutafuna kwenye mawe, na wafanyakazi wa uhifadhi wakawa na kazi ya kuubandua mmoja mmoja. Na kulikuwa na ile imani ya wenyeji kwamba ukipitisha mkono kwenye tundu la stupa fulani ukaigusa sanamu iliyomo, haja yako itatimia. Hebu fikirini mikono mingapi, miaka mingapi.

Mwaka 2020 wakafunga kupanda. Watu wakawa wanafika uani tu, wanatazama. Walipofungua tena, 2023, walikuja na utaratibu: watu 1,200 kwa siku, kwa zamu, kila zamu na saa yake, na hupandi bila mwongozaji. Chakula chini, sigara chini. Na viatu vyako unavivua, unapewa vyao.

Viatu hivyo ndivyo vilivyonifurahisha kuliko chochote. Vinaitwa upanat. Ni makubazi yaliyosukwa kwa majani, soli yake laini isiyolikwaruza jiwe, na wanaoyasuka ni watu wa vijiji vya jirani. Umbo lake limechukuliwa kwenye michongo ya hekalu lenyewe. Ukimaliza unaondoka nayo, ni yako. Tazameni akili hiyo: jiwe limehifadhika, mwanakijiji amepata kazi, mgeni amepata kumbukumbu asiyoweza kuinunua Dubai, na mlinzi hana haja ya kugombana na mtu, kwani ukishavaa makubazi ya mwenyeji unaingia na adabu ya mwenyeji. Hapa kwetu tuna ukindu, tuna kina mama wanaosuka misala na mikeka, na tuna misikiti ya kale ambayo wageni wanaomba kuiona. Anayeitaka fikra hiyo na aichukue, haina haki miliki.

Lakini utaratibu ule una kasoro, na sitaificha kwa sababu tu nimewasifu. Muda wa zamu ni mfupi, mwongozaji ana njia yake, na njia inaelekea juu. Yaani sheria iliyowekwa kulilinda jengo imemchukua yule mgeni mwenye haraka ikamfanya ndiye mfano wa wageni wote. Unayetaka kukaa na Sudhana unaambiwa twende, zamu inayofuata inaingia. Kama ningeulizwa mimi, ningeweka zamu za kileleni na zamu za kuta: atakayechagua kuta asipande juu kabisa, abaki chini na mwongozaji anayezijua hadithi. Mwongozaji wetu, Mungu ambariki, alitwibia dakika kadhaa pembeni ya ushoroba wa pili huku akijifanya anatafuta kitu mkobani. Humu ndani sote tunaijua mbinu hiyo.

Mmoja wenu aliniuliza pale nje, kabla hatujaanza, kama si vibaya Mwislamu kwenda kutembelea mahali pa masanamu. Mimi si mwanachuoni, sitoi fatwa. Nitasema nilichokiona. Indonesia karibu asilimia 87 ya watu wake ni Waislamu. Wabudha hawafiki hata asilimia moja. Wanaolinda Borobudur, wanaofagia, wanaouza tiketi, wanaosuka makubazi, wengi wao wanasikia adhana wakiwa kazini na wanakwenda kuswali. Hakuna aliyeniomba niiname wala nichome udi. Nilitazama kazi ya mikono ya watu na nikakumbuka kwamba wametangulia, basi.

Tena Wabudha wenyewe wapo, na siku yao mahali pale panageuka. Siku ya Vesak, wakati wa mwezi mpevu, aghalabu mwezi wa Mei, watawa na waumini wanatoka hekalu la Mendut, wanapita hekalu dogo la Pawon, wanaingia Borobudur kwa miguu, kama kilomita tatu. Mahekalu hayo matatu yamo pamoja katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1991. Ushauri wangu kwa atakayekwenda ni aanzie Mendut. Pale mlango upo, unaingia, na ndani kuna Budha wa jiwe wa kimo cha mita tatu hivi, ameketi kitini, miguu imeshuka chini. Watu wanaleta maua na kukaa kimya. Ukishaona hivyo, ukifika Borobudur hutapayuka. Na ambaye nauli ya Java haijapatikana, Dar es Salaam, Upanga, kuna hekalu la Kibudha la watu wa asili ya Sri Lanka. Muombe ruhusa, uvue viatu, uone watu wakiabudu kabla hujaona mawe.

Adabu ni zile zile tunazowadai wageni wetu. Mabega na magoti yafunikwe. Usipande juu ya kitu kwa ajili ya picha. Usiikumbatie sanamu. Usimpe mgongo Budha kwa mzaha, ukajifanya wewe ndiye kichwa chake kisichokuwepo.

Maana vichwa vingi havipo. Sanamu za Budha zilikuwa 504. Zaidi ya 300 zimeharibika, nyingi hazina vichwa, na 43 hazipo kabisa. Si jua wala mvua iliyoondoa vichwa. Mwaka 1814 Raffles, gavana wa Kiingereza wa Java wakati huo, alimtuma mtu aitwaye Cornelius, akaenda na wafanyakazi 200 kukata miti na kufukua udongo, na tangu hapo dunia ikajua kuna kitu, na dunia ikianza kujua huanza kuchukua. Mwaka 1896 mfalme Chulalongkorn wa Siam, Thailand ya leo, alipotembelea Java, serikali ya Kidachi ilimzawadia mikokoteni minane ya sanamu na michongo ya Borobudur. Minane! Nyingine ziko Bangkok katika jumba la makumbusho hadi leo. Mfalme mwenyewe alikuwa Mbudha, alizipenda kwa dhati; walaumiwe waliogawa kisichokuwa chao. Nasi tunao milango ya nakshi iliyosafiri bila ya nyumba zake, kwa hiyo nadhani mnanielewa.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa maji. Kilima cha udongo kikinyeshewa miaka elfu, maji yanapenya baina ya mawe, kuta zinainama, ndwele za mawe zinaota. Van Erp, Mdachi, alilitengeneza kati ya 1907 na 1911, likashikilia kwa muda. Kisha serikali ya Indonesia na UNESCO, kati ya 1975 na 1982, wakayafungua majukwaa ya pembe: zaidi ya mawe milioni moja yakaondolewa, yakatiwa namba, yakasafishwa, wakaweka mifereji na misingi ya zege ndani, wakayarudisha kila moja mahali pake. Watu walikuwa bado wanalifurahia, Januari 1985, mabomu tisa yakalipuka juu yake na kuharibu stupa tisa. Zikajengwa tena. Sina la kuongeza hapo.

Wazee wa Nungwi, mafundi wa vyombo, niliowaona hapa mbele, sasa nakuja kwenu.

Katika ushoroba wa kwanza kuna michongo ya vyombo vya baharini. Mmoja ni maarufu: chombo kikubwa, matanga yamejaa, mabaharia wamening'inia kambani, na pembeni kina matengo, zile mbao za kukizuia kisipinduke. Ndiyo, matengo, kama ya ngalawa. Nilikitazama nikasahau kwamba niko mbali na nyumbani. Wataalamu wa vyombo wanaunganisha ngalawa yetu na mabaharia wa visiwa vile vya Asia, na ushahidi mkubwa uko jirani: Wamalagasi, watu wa Madagaska, lugha yao ni ya ukoo mmoja na lugha za Borneo. Walivuka bahari hii. Na simulizi za mabaharia wa Kiarabu zinasema kwamba karibu na mwaka 945 watu wa Waqwaq, kutoka mashariki, walikuja na vyombo elfu moja hivi wakaishambulia Qanbalu, ambayo wengi wanaamini ndiyo Pemba. Kwa hiyo hawakuja na minazi na ndizi peke yake.

Safari nazo zilikuwa za pande mbili, na upande mmoja ni mchungu. Maandishi ya Kijava ya karne ya 9, zama za hekalu lile, yanawataja Wazanji miongoni mwa watumwa. Watu wa pwani hii walifika Java, na hawakufika kama nilivyofika mimi, na tiketi ya kurudi mfukoni. Mwongozaji wetu hakulijua hilo. Nilimweleza, na mara hii hakucheka.

Mwingereza mmoja, Philip Beale, aliuona mchongo ule wa chombo mwaka 1982, ukamkaa kichwani miaka ishirini. Hatimaye fundi wa visiwa vya Kangean, As'ad Abdullah, akakiunda chombo chenyewe, cha urefu wa mita 18 hivi, kwa vigingi vya mbao, hakina msumari. Fundi yule hakuwa mtu wa kuchora ramani karatasini. Alikiunda kwa jicho, kama mnavyounda nyinyi. Kikaitwa Samudra Raksa. Kiliondoka Jakarta tarehe 15 Agosti 2003, kikapita Shelisheli, Madagaska, kikazunguka ncha ya kusini ya Afrika, kikafika Ghana tarehe 23 Februari 2004. Sasa kimewekwa katika jumba lake la makumbusho, ndani ya eneo la Borobudur. Watalii wengi hawaingii. Sisi tulikaa pale muda mrefu kuliko kileleni, na hakuna aliyetuambia zamu imekwisha.

Nimalizie na pesa, kwani najua ndiyo mjadala wetu wa mwaka huu.

Juni 2022 waziri mmoja wa Indonesia, Luhut Binsar Pandjaitan, alitangaza kwamba kupanda hekalu kutakuwa dola 100 kwa mgeni na rupia 750,000 kwa mwenyeji. Tiketi ya kawaida ya mwenyeji ilikuwa rupia 50,000. Sababu aliyoitoa ni uhifadhi: bei ikipanda, watu watapungua. Nchi nzima ikapiga kelele. Wabudha wakauliza kama na wao walipie ibada. Wajava wakauliza kama jengo la babu zao sasa ni la matajiri. Mwezi haukwisha, serikali ikarudi nyuma kuhusu bei, lakini ule ukomo wa idadi ukabaki.

Nami naona walipofikia ndipo. Idadi ni kipimo cha jiwe; jiwe halijui aliyelikanyaga amelipa kiasi gani. Bei ni kipimo cha mfuko, na ukiitumia kupunguza watu, wa kwanza kupungua ni mwenye mahali. Mtoto wa skuli wa Magelang asipoweza kupanda, baada ya miaka ishirini nani atasuka makubazi, nani atamwambia mgeni asikae juu ya stupa? Kwa hiyo pendekezo lililo mezani kwetu, la kupandisha viingilio vya majengo ya kale ili kupunguza msongamano, mimi nitalipinga kwa upande wa mwenyeji. Mgeni na alipe zaidi, sina neno. Mwenyeji na mwanafunzi wabaki na bei yao. Kama msongamano umezidi, na tuweke ukomo wa watu kwa saa, tuusimamie wenyewe, na mwongozaji atakayeukiuka anyang'anywe kitambulisho, hata kama ni mwanangu. Na yupo humu, anasikia.

Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali nitayapokea, ila wa Nungwi waanze, na yule kijana wa mlangoni aliyeinua mkono tangu zamani afuate.